Sungura wa Jumamosi

Inspekta Bernadeta Maige alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wenzake: popote alipofika kufanya kazi, kwanza alitafuta mahali pa kukaa. Wapelelezi wengine husimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, wakazitazama kuta kana kwamba wanataka kuzinunua. Yeye alikaa. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, miguu iliyovimba tangu ile kesi ya Nansio iliyomweka kisiwani wiki mbili, na imani ya siku nyingi kwamba marehemu hana haraka. Basi wa nini kusimama?

Jumatano hiyo, saa tatu asubuhi, alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba ya marehemu Mzee Rajabali, juu kwenye mawe ya Isamilo, simu sikioni.

"Una mpaka saa saba," mkuu wake wa upelelezi alisema. "Saa nane Nkwabi anasomewa shitaka la mauaji. Usiniletee hadithi nyingine, Bernadeta. Nyoka yupo, ufunguo upo, ugomvi upo."

"Mbavu hazikuvunjika, afande."

"Mbavu gani?"

"Za marehemu. Ripoti ya daktari imeingia leo. Nyonga imevunjika, kisogo kimepasuka, mbavu zote nzima. Chatu akimbana mtu haachi mbavu nzima."

"Basi alimwangusha. Saa saba, Bernadeta." Simu ikakatika.

Aliirudisha mfukoni, akajisugua vifundo vya miguu. Kesi yenyewe ilielezeka kwa pumzi moja. Mzee Rajabali, mgane wa miaka sabini na tatu aliyewahi kuwa na duka la vifaa vya ujenzi, alifuga chatu ndani ya nyumba, kwa kibali halali, katika chumba kilichokuwa stoo. Jumatatu asubuhi Sabina, mtumishi wake wa miaka mingi, alimkuta amekufa sakafuni, kizimba kiko wazi, nyoka amejilaza nusu ndani nusu nje. Mtu mwingine pekee mwenye ufunguo wa stoo alikuwa Nkwabi wa Igoma, mzee wa chama cha Bayeye, wale wacheza ngoma ya nyoka, ambaye kila baada ya wiki mbili alileta sungura wa kumlisha chatu.

Nkwabi aliapa kwamba alimlisha Jumamosi. Lakini bwana wa wanyamapori aliyeitwa Jumatatu alimpapasa nyoka tumbo, akalikuta tupu. Hapo ndipo kitanzi kilipoanza kukaza. Watu wakasema Nkwabi alimwacha chatu na njaa makusudi, akaacha kizimba wazi, kwa sababu mwezi uliopita aligombana na marehemu. Alimtaka nyoka huyo kwa mashindano ya ngoma ya Bulabo kule Kisesa, mzee akamkatalia. Jumanne, watu wa Igoma walikuwa wamechoma banda la nyoka wake, na mkewe alilala kanisani. Bernadeta alijua kwamba Nkwabi akishasomewa shitaka, nyumba itafuata banda, na hakuna atakayemngoja hakimu.

"Tumemleta, afande," alisema Koplo Mashimba, mtu mwembamba mwenye haraka ya kila kitu.

Nkwabi alishuka kwenye gari polepole, pingu mikononi, shati lile lile la Jumatatu. Alikuwa na miaka sitini na sita, na vidole vyake vilijaa makovu madogo madogo.

"Shikamoo, mzee," alisema Bernadeta.

Mashimba akakohoa. Mtuhumiwa naye alishangaa, kisha akaitika, "Marahaba, mama," kwa sauti ya mtu ambaye hajasalimiwa siku mbili.

"Utatuonyesha ulivyofanya Jumamosi. Hatua kwa hatua, usiruke kitu."

Stoo ilikuwa nyuma ya nyumba, imepakana ukuta na jiko. Ilikuwa chumba cha saruji kisicho na dirisha, kina tundu la hewa tu karibu na dari. Nkwabi alikanyaga kizingiti, akasimama hapo hapo.

"Mbona kuna baridi humu?"

"Ni Juni," alisema Mashimba. "Mwanza nzima ina baridi."

"Humu hamna Juni. Humu ni joto mwaka mzima." Aliinua mikono yenye pingu akaonyesha juu ya kizimba. "Taa yake mbona haiwaki?"

Kizimba kilichukua ukuta mzima. Kilikuwa cha mbao za mninga, mbele vioo vya kusukuma, kirefu kuliko kitanda na kimetengenezwa kwa uangalifu ambao Bernadeta hakuwahi kuuona hata kwenye nyumba za watu. Upande wa kulia, juu, palikuwa na taa nyekundu ya joto ndani ya kikapu cha waya, ili nyoka asijiunguze. Upande wa kushoto palikuwa na kivuli na beseni la maji la kumtosha kujilowesha mwili mzima. Kila upande ulikuwa na sanduku la kujifichia, na ukutani palitundikwa vipimajoto viwili na kipima unyevu. Chatu mwenyewe alikuwa amejikunja chini ya taa iliyozimika, mnene kuliko paja la Mashimba.

"Huko porini akishakula anapanda kwenye jiwe, anaota jua, chakula kinayeyuka," Nkwabi alisema. "Humu ndani jua lake ni hiyo taa. Upande huu nyuzi thelathini na mbili, ule ishirini na sita. Joto likimzidi anahama mwenyewe, akisikia baridi anarudi. Hayo ya namba alinifundisha Mzee Rajabali. Mimi nilikuwa napima kwa kiganja."

"Joto likikosekana?"

"Hali chakula."

"Na kama amekwisha kula?"

Nkwabi alikitazama kizimba, akamtazama Inspekta, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu uso wake ukaonyesha kitu zaidi ya hofu. "Kinaozea tumboni. Lazima akitapike, la sivyo anakufa nacho."

Bernadeta alitafuta mahali pa kukaa. Palikuwa na kigoda kimoja tu, kimechakaa kwa kukaliwa, kimeelekea vioo. Alikaa pale alipokuwa akikaa marehemu, na kutoka pale chini chumba kikawa kingine.

"Naomba nimsogelee," Nkwabi alisema. "Sipendi anavyohema."

"Afande," Mashimba akadakia, "mtu ana pingu, na huyo ni chatu."

"Basi hawezi kukimbia naye. Msogelee, mzee."

Nkwabi alisukuma kioo kwa kiwiko, akainama. Nyoka alikuwa ameinua kichwa, mdomo wazi kidogo, na puani palikuwa na povu. Kila pumzi ilitoa mlio mdogo wa maji. "Ana kifua," Nkwabi alisema, na sauti yake ikapungua. "Hii siyo baridi ya jana, mama. Hii ni ya siku tatu, nne. Jumamosi nilipomlisha alikuwa mzima, ngozi inang'aa."

"Kipimajoto kinasemaje, Mashimba?"

"Ishirini na moja."

"Haya. Sasa nitazamie hayo magazeti aliyolalia. Mzee Nkwabi, yanabadilishwa lini?"

"Mwisho wa mwezi, au akichafua. Yanatolewa kwenye rundo lile." Aliashiria kona, kwenye lundo la magazeti yaliyogeuka rangi ya chai.

"Upande wa kushoto naona yametoka kwenye rundo. Huku kulia kuna jeupe. Tarehe yake?"

Mashimba aliinama kwa tahadhari ya mtu anayependa vidole vyake. "Jumapili hii, afande. Lina fumbo la maneno limejazwa nusu."

"Mtu yuko hapa kwenye kigoda Jumapili anajaza fumbo lake," Bernadeta alisema polepole, kwa sababu hata kufikiri kulimchosha. "Kitu kinatokea. Anaondoa magazeti ya zamani haraka, hana hata muda wa kwenda kwenye rundo, anatandika alilonalo mkononi. Kwa nini?"

"Alitapika," Nkwabi alisema.

"Orodha ya vitu vya Jumatatu unayo, Mashimba? Soma."

Mashimba akasoma: kigoda kimoja, kandambili jozi moja, miwani moja iliyovunjika, blanketi moja la sufi sakafuni, daftari moja, lugha haieleweki.

"Ndoo?"

"Hakuna ndoo."

"Tambara?"

"Hakuna."

"Mzee wa miaka sabini na tatu anasafishaje matapishi ya chatu bila ndoo wala tambara?"

Mashimba alifunua ukurasa wa pili, ambao haukuwa na kitu. "Na hilo blanketi, sisi tulidhani marehemu alitaka kujikinga nalo."

"Ni la kitandani kwake," Nkwabi alisema. "Nalijua. Alikuwa anakifunika kizimba." Alijipangusa uso kwa bega, maana mikono haikuwa yake, na Bernadeta akaona vyema kutazama kwingine.

*

Zahabia, binti pekee wa marehemu, alikuwa amefika na ndege ya Jumatatu jioni kutoka Dar es Salaam. Alikaa sebuleni mbele ya chai iliyopoa. Sabina alikuwa amemletea chai hiyo, akaja kuuliza kama aipashe moto, akarudi tena kuuliza hilo hilo. Mtumishi huyo alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na nane, mnene kidogo, kanga kiunoni, macho yamevimba kwa kulia.

"Niache kwanza, dada Sabina," Zahabia alimwambia kwa upole, na Sabina akarudi jikoni.

Bernadeta aliweka daftari mezani. "Askari wangu ameandika kwamba lugha haieleweki."

Zahabia alilifungua, na karibu atabasamu. "Ni Kigujarati, Inspekta. Mwandiko wa baba. Kila asubuhi na jioni, miaka sita. Joto, unyevu, ngozi imetoka lini, amekunywa maji kiasi gani. Mimi siku yangu ya kuzaliwa aliisahau mara mbili."

"Nisomee kuanzia Ijumaa."

"Ijumaa asubuhi, thelathini na mbili, ishirini na sita, unyevu sitini. Jioni hivyo hivyo. Jumamosi asubuhi hivyo hivyo. Kisha ameandika, 'Nkwabi amekuja. Sungura mkubwa. Binti amekula kwa dakika kumi na mbili.'" Akainua macho. "Binti ndilo jina la nyoka. Usiniulize nilivyojisikia."

Mashimba, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisahau kufunga mdomo. "Kwa hiyo alimlisha kweli."

"Endelea, dada."

"Jumamosi jioni, ishirini na nne. 'Taa imekufa. Maduka ya balbu yamefungwa, nitanunua Jumatatu. Nimemfunika.' Jumapili asubuhi, ishirini na moja. 'Hataki kusogea. Nitashinda naye leo.'"

"Jumapili jioni?"

"Hakuna kitu." Zahabia alifunga daftari, akaliwekea kiganja juu. "Nilimpigia Jumapili mchana. Hakupokea. Nikajua yuko huko anaongea na nyoka wake, nikakasirika, sikupiga tena. Baba yangu alimsemesha yule mnyama kuliko alivyonisemesha mimi."

Bernadeta alimpa pole, na alimaanisha. Alipotoka kwenye korido Mashimba alimfuata karibu anakimbia. "Afande, si tumpigie bosi? Daftari limemaliza kila kitu."

"Bosi atasema karatasi haimshibishi nyoka. Tumbo lilikuwa tupu, na hilo ndilo lililoandikwa kwenye jalada. Mimi namtaka sungura." Aliegemea ukuta kidogo. "Mzee Nkwabi! Hiyo taa inawashiwa wapi?"

"Jikoni," sauti ikajibu kutoka stoo. "Waya ulivutwa kutoka jikoni."

*

Sabina alikuwa anaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeoshwa tayari. Swichi ilikuwa pembeni ya friji, imebandikwa plasta nyeupe yenye maandishi makubwa ya kalamu ya wino: USIZIME KAMWE. Ilikuwa imezimwa.

"Umeme ulikatika," Sabina alisema kabla hajaulizwa.

Bernadeta alifungua friji. Barafu ilikuwa imeganda unene wa vidole viwili, siku nyingi haijaguswa. Akaifunga. "Ulikatika kwa nyoka peke yake?"

Bernadeta akabonyeza swichi, na kutoka upande wa pili wa ukuta sauti ya Mashimba, aliyekuwa amerudi stoo, ikapaa: "Imewaka, afande! Taa imewaka!"

"Kumbe balbu haikufa," Bernadeta alisema. "Nani aliizima?"

"Labda polisi. Jumatatu waligusa kila kitu."

"Marehemu aliandika Jumamosi jioni kwamba haiwaki."

"Lile daftari la Kihindi?"

"Tumelisoma."

Sabina aligeukia karai lake, akaichukua sahani ile ile tena. Bernadeta hakumfuata kwa swali jingine. Alikuwa amekwisha kuwahoji watu wengi kiasi cha kujua kwamba swali likirushwa mapema humpa mtu ukuta wa kuegemea. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akalipata jiwe la kufulia nguo, akakaa.

Uani palikuwa na mpapai, kamba ya nguo, na shimo la kuchomea taka. Majivu yalikuwa yamerundikwa juu yake yakapigwapigwa vizuri kwa koleo. Watu hawasawazishi majivu ya takataka.

"Mashimba. Chukua jembe."

"Na suruali hii, afande?"

"Na suruali hiyo hiyo."

Haikuchukua dakika kumi. Chini ya majivu palikuwa na ndoo ya plastiki ya buluu, imezikwa nzima, mfuniko juu. Ndani ya ndoo mlikuwa na tambara, na furushi la magazeti ya rangi ya chai lililofungwa kwa adabu, kama wafungavyo nyama buchani. Harufu ilimrudisha Mashimba hatua tatu. Bernadeta, ambaye pua yake ilikwisha kustaafu kabla yake, ndiye aliyelifungua.

Sungura alikuwa mzima. Manyoya yamelowa na kulalia nyuma, mwili umevutika ukawa mrefu na mwembamba, lakini mzima.

Nkwabi aliletwa. Alichuchumaa, akamgeuza sungura kwa kijiti. "Sikio la kulia," alisema. "Sungura wangu wote nawakata ncha ya sikio la kulia, wasichanganyike na wa jirani. Huyu ndiye wa Jumamosi." Kisha akabaki amechuchumaa, na machozi yakamtoka waziwazi bila aibu. Alikuwa amekaa siku mbili akiambiwa kwamba sungura huyu hayupo duniani.

"Mfungue pingu," Bernadeta alisema.

"Afande, bado hatujapiga..."

"Nitapiga mimi. Mfungue, akae na nyoka wake mpaka joto lipande."

Mkuu wake alimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Joto lilizimwa Jumamosi baada ya nyoka kula. Chakula hakikuyeyuka, Jumapili akakitapika. Mzee alisafisha, akateleza kwenye majimaji, akaanguka. Hakuna aliyebanwa na chatu, na Nkwabi hakudanganya. Mtu alichukua ndoo na kuizika kabla ya polisi kuitwa.

"Mtu gani?" mkuu aliuliza.

Bernadeta alitazama mlango wa jikoni. "Nipe nusu saa," alisema.

*

Alivuta kiti cha meza ya jikoni, akavuta na cha pili akakiweka mbele yake. Sabina alijipangusa mikono kwenye kanga, akakaa bila kuambiwa. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama.

"Umezika ndoo," Bernadeta alisema.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Yeye mwenyewe alikuwa anasema, Binti akitapika, kitu cha kwanza angalieni joto. Nikajua mkiyaona matapishi mtaangalia joto. Mkiangalia joto mtafika hapa." Akaelekeza kidevu kwenye swichi.

"Ulitaka kumuua mzee?"

"Mzee!" Sabina alishika kifua. "Mungu anisamehe. Nilitaka joka life. Joka tu."

Kisha akasema yote, na hakuhitaji kusukumwa. Alikuwa na miaka kumi na tisa katika nyumba hiyo. Mama mwenye nyumba alipofariki, mzee alianza kula hapo jikoni, kwenye meza hiyo. Yeye alikaa pale alipokaa Inspekta, Sabina alikaa hapo alipo sasa. Alimsimulia habari za dukani, za Zahabia, za meno yake. Walicheka. Kisha Nkwabi akaja na chatu mdogo aliyegongwa na pikipiki barabara ya Musoma, akiomba msaada wa kumtibu. Mwanzoni mzee alikwenda kumtazama nusu saa. Baadaye saa nzima. Mwisho Sabina akawa anapeleka sahani stoo na kuiweka sakafuni karibu na kigoda, na neno analoambiwa siku nzima ni kama maji ya beseni yamebadilishwa.

"Nilikuwa mtu kwenye meza hii, afande. Nikawa mtu wa beseni."

"Ukakumbuka swichi."

"Yeye ndiye aliyenifundisha. 'Usizime, Sabina, ikizimwa siku tatu Binti atakufa.' Aliandika na plasta. Jumamosi Nkwabi alipoondoka, nikazima. Hata hakuja kuitazama swichi, alijua siwezi kuigusa. Nikahesabu siku tatu. Nikasema, Jumanne atalia, nitampikia, atarudi mezani."

Bernadeta alijikuta hana hasira. Alikuwa ameiandaa tangu alipoiona ile ndoo, na sasa alipoitafuta hakuipata, akabaki na uchovu tu. "Na Nkwabi? Ulimtazama anafungwa pingu. Banda lake limechomwa."

"Niliona aibu moja, nikaifunika kwa nyingine. Sina la kusema juu ya Nkwabi."

"Niambie Jumapili."

"Nilitoka misa, nikaja kupika. Kama saa kumi na moja hivi." Sabina aliangalia mikono yake. "Alikuwa huko stoo. Mlango umerudishwa tu. Nilimsikia."

"Ulimsikia anafanya nini?"

"Anaongea."

Mfukoni mwa Bernadeta mlikuwa na ukurasa wa pili wa ripoti ya daktari, ulioeleza kwamba marehemu alikufa karibu na alfajiri ya Jumatatu, zaidi ya nusu siku baada ya kuanguka, na kwamba angepata msaada mapema huenda angepona. Alikuwa amekuja nao akiamini atauhitaji. Aliuacha humo humo.

"Alikuwa anasema nini, Sabina?"

"Sikusikiliza. Afande, alikuwa anaongea naye kila siku! Asubuhi anaongea, jioni anaongea. Kwenye ukuta huu inakuja sauti tu, maneno huyapati. Nikasema moyoni, hata likiwa linakufa bado analibembeleza. Roho ikaniuma. Nikaongeza redio."

"Kwa muda gani?"

"Wali uliiva. Nikafunika chakula chake, nikafunga jiko. Nilipozima redio nitoke, bado alikuwa anaongea."

Bernadeta alipaswa kusimama wakati huo, amwambie haki zake, amwite Mashimba. Alijua maneno yote kwa moyo. Lakini hakuweza kunyanyuka, na kwa mara ya kwanza haikuwa kwa sababu ya miguu.

Ndipo sauti ilipokuja kutoka upande wa pili wa ukuta. Ilikuwa sauti ya mwanamume mzee, ya chini, inapanda kidogo, inashuka, inatulia, inaanza tena. Nkwabi alikuwa anamsemesha nyoka chini ya taa. Huenda alikuwa anamwambia apumue. Huenda alikuwa anamwambia habari za banda lililochomwa. Kutoka jikoni hapakuwa na namna ya kujua.

Sabina alifunika masikio kwa viganja vyote viwili. Kisha akaviondoa, polepole, akageuza uso kuelekea ukuta na kusikiliza, kwa makini, kama mtu aliyechelewa misa.

"Hivyo hivyo," alisema. "Ilikuwa hivyo hivyo."